Sindano Kumi Kabla ya Shule

Kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya sare, Macho alikuwa na kazi, na ole wake ambaye angeigusa. Alikuwa na miaka sita, jino moja la mbele limeng'oka na la kushika nafasi yake halijajitokeza. Alivuta kigoda mpaka dirishani penye mwanga, akaketi kama karani, akapanga sindano kumi kwenye ukingo wa dirisha. Uzi aliukata kwa kipimo cha mkono wake mwenyewe, kutoka begani mpaka ncha ya kidole, akailowesha ncha kwa mate, akafumba jicho moja, na huo, umeshapita. Sindano tano za uzi mweupe, tatu za buluu, mbili za mweusi. Akizimaliza alizichomeka kwenye kipande cha sponji, mstari mmoja, kisha akamwita bibi yake aje kukagua. Bibi alikuja, akazitazama bila kuziona, akasema haya, leo tutakula.

Bibi huyo alikuwa fundi wa nguo, na mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, ulimwita Fundi, kana kwamba mama yake mzazi hakumpa jina. Miaka thelathini na minane alishona sare za shule katika chumba kilekile cha mbele, chenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia, na kioo chenye ufa ambacho wateja wanene walikisingizia mambo mengi. Mikono yake ilikuwa bado na akili zake. Mshono uliopinda aliujua kwa kuupapasa tu. Macho ndiyo yaliyoanza utoro. Kitambaa aliona, chaki aliona, mteja anayekuja na visingizio alimwona toka mbali, ila tundu la sindano, loo, hilo lilikuwa limehama dunia. Kabla ya mjukuu kuja, mtu akifuata suruali yake hakupewa suruali mpaka atunge sindano mbili. Wako waliokasirika. Fundi aliwaambia wakashone kwingine, na wote walijua hakuna kwingine.

Sasa huyu mtoto alifikaje hapo? Mambo ya kwao yaliharibika mfululizo, kama yaliyopangiwa ratiba. Baba yake, dereva wa malori ya safari ndefu, aliondoka siku moja na mzigo wa saruji, akatuma salamu mara mbili, kisha salamu zikakatika na mwenyewe akakatika nazo. Chumba walichopanga kikarudi kwa mwenye nyumba. Halafu mama akaanza kukohoa, kikohozi kile ambacho watu husema ni vumbi, ni baridi, ni mafua, mpaka siku daktari anaposema jina lake. Akapelekwa hospitali ya kifua katika mji mwingine, kwenye wodi ambayo watoto hawaruhusiwi hata kuchungulia. Miezi sita, walisema, huenda na zaidi. Kabla ya kwenda alimleta mtoto kwa Fundi, mama yake, na mfuko mmoja wa nguo. Pale mlangoni alichuchumaa akazungumza na mwanawe maneno ambayo Fundi hakuyasikia, maana alikuwa juu ya cherehani na cherehani ile ilikuwa na kelele za harusi. Kisha akaondoka bila kugeuka.

Mtoto hakulia. Hapo ndipo majirani walipoanza kusifu. Ana roho ngumu huyu, walisema, mwangalieni, hata chozi. Fundi naye kichwa kikavimba, maana katika ukoo wake kutolia kulihesabiwa ni kipaji, kama sauti nzuri. Na kesho yake asubuhi mtoto, bila kutumwa, alivuta kile kigoda akaomba sindano. Akatunga ya kwanza, akatunga ya pili. Fundi akacheka mpaka akakaa chini, akampa jina la Macho siku hiyohiyo. Jina la cheti likabaki la shuleni.

Toka hapo neno la Macho likawa moja: naweza. Kufunga kamba za viatu, naweza. Kusoma saa ya ukutani, naweza. Kubeba ndoo ya maji, naweza, na hakuweza, akamwaga nusu sebuleni, akasema nusu nyingine imefika. Mwalimu wake wa darasa la kwanza alimweleza Fundi kwamba mtoto huyu anawafundisha wenzake kushika penseli, na akiulizwa nani amemfundisha yeye, anajibu kwamba yeye ni mtu wa kazi. Watoto wa nyumba zenye baba, mama na sofa walikuwa wanalia kutwa, na huyu mwenye mfuko mmoja wa nguo anadunda tu. Watu wakasema ndiyo hivyo, mtoto mmoja ni chuma na mwingine ni udongo, amejaliwa. Hakuna aliyejiuliza amesimama juu ya nini.

Kila Jumapili saa kumi jioni mama yake alipiga simu kutoka wodini. Macho aliongea naye akiwa amesimama wima, akataja idadi ya sindano za wiki nzima, akaongeza na mbili tatu za uongo.

Sasa Fundi alikuwa na binti mwingine, mkubwa wa huyu mgonjwa, ambaye kwa Macho ni mama mkubwa. Mama mkubwa aliishi mji wa mbali na alifanya kazi ya mapokezi katika kliniki ya macho. Ni mwanamke wa kupanga mambo. Mtu akifiwa anapigiwa yeye, mtu akihama anapigiwa yeye, na mtu akiwa na raha zake hamkumbuki. Siku moja alijisikia vibaya, akawaza: miye nashinda na wenye macho mabovu mchana kutwa, na mama yangu mzazi anatungiwa sindano na mtoto. Akaja na daktari mmoja kijana na sanduku la lenzi, Fundi akapimwa palepale kwenye kiti cha wateja, na baada ya wiki mbili, Jumamosi, miwani ikafika.

Ilikuwa furaha kubwa. Majirani walijaa chumbani. Fundi aliivaa, akatazama ukuta, akasema kumbe rangi hii ni mbaya hivi. Akamtazama jirani aliyeishi naye miaka ishirini akamwambia pole. Watu wakafa kwa kicheko. Kisha akachukua sindano, sindano nyembamba ya vifungo, akachukua uzi, akatunga mwenyewe, mara moja tu, bila mate. Wakapiga makofi. Fundi, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, na ambaye siku zote alimtania mjukuu kwa kumwita mke mwenzake, akamgeukia Macho na miwani ikiwa puani.

"Haya, mke mwenzangu, umeachishwa kazi. Chukua chako uende."

Watu walicheka. Macho naye alicheka, pengo wazi, akatazama nyuso za wakubwa moja baada ya nyingine, jinsi mtoto anavyotazama ili ajue amecheka kiasi cha kutosha. Mzaha mzaha, wahenga walisema, hutumbuka usaha.

Ingeishia hapo pengine yangepita. Lakini Jumapili asubuhi Fundi aliamka mapema kwa ulafi wa macho mapya, kama mtoto mwenye viatu vipya, akakaa dirishani akazitunga zote kumi. Macho alipotoka chumbani na kigoda chake alizikuta zimechomekwa kwenye sponji, mstari mmoja, tano nyeupe, tatu za buluu, mbili nyeusi. Alizitazama. Akarudisha kigoda mahali pake. Fundi alimwambia siku hizi atalala mpaka achoke, raha iliyoje, na mtoto akasema ndiyo bibi.

Jioni ya siku hiyo simu ilipolia, Macho hakuja. Alitafutwa, akaonekana chini ya meza ya kukatia, kwenye rundo la vipande vya vitambaa, amekumbatia magoti. Amelala, Fundi alimdanganya mgonjwa. Jumanne kitanda kililowa. Mtoto aliyekuwa mkavu toka ana miaka miwili. Jumatano kikalowa tena. Fundi alimkataza maji ya jioni, akatishia, akabembeleza, na godoro likaendelea kwenda juani kila siku mbele ya majirani walewale waliosifu roho ngumu. Shuleni nako mwalimu akatuma karatasi: mtoto hajibu, akipewa penseli anasema siwezi, juzi ameulizwa jina lake kamili, ambalo alikuwa analiandika ubao mzima, akasema siwezi. Fundi aliisoma karatasi hiyo mwenyewe, kwa miwani yake, na akatamani asingeweza kuisoma.

Jumapili iliyofuata simu ililia tena na Macho akawa chini ya meza tena. Safari hii mgonjwa hakukubali habari za usingizi. Akauliza mara tatu mtoto ana nini. Akasema kwamba akisikia mwanawe anateseka au anahamishwahamishwa, atatoka kitandani alivyo, na dawa zibaki. Hayakuwa maneno matupu. Mwezi wa pili wa matibabu alishakamatwa getini amevaa gauni la wodi na viatu vya kuogea, anaulizia stendi. Na daktari alishasema wazi kwamba akikatisha dawa, ugonjwa utarudi na nguvu ambazo dawa zile haziziwezi.

Fundi, kwa kukosa pa kusemea, akampigia binti yake mkubwa, akamwaga yote. Hapo alijikaanga kwa mafuta yake. Mama mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza wagonjwa wa kliniki, kisha akatoa uamuzi. Mama amezeeka, alisema, na mtoto amechoka kukaa na mtu mzima mchana kutwa katikati ya mikasi. Kwake yeye kuna watoto wenzake, kuna kitanda chake mwenyewe, kuna shule mlangoni. Jumapili ijayo anakuja kumchukua, na mgonjwa ataelezwa taratibu akishapata nafuu.

Fundi alikata simu akabaki ameishika. Kilichomuuma si kwamba binti yake amemwita mzee, hayo alishayazoea. Kilichomuuma ni kwamba huenda amesema kweli. Akimwachia mtoto, mgonjwa atatoka wodini na kufa. Akimng'ang'ania, mtoto atazidi kusinyaa mbele ya macho yake, na sasa alikuwa nayo macho ya kumwona vizuri. Alikuwa na siku saba.

Siku tatu za kwanza alizitumia kutafuta sababu mahali ambapo haikuwepo. Alikwenda shuleni kuuliza kama kuna mtoto anayemwonea. Hakuna. Akambadilishia mto. Akapika anachokipenda, kikaliwa kidogo. Siku ya nne, akiwa anapiga pindo la sketi, alimwona Macho anapita karibu na sponji ya sindano kwa kuzunguka mbali, kama mtu anayepita nyumba ya mtu anayemdai radhi. Basi Fundi akadhani amepata. Mtoto anataka kazi yake, si hilo tu? Alivua miwani, akaificha mfukoni mwa aproni, akaanza kupapasa.

"Macho, hebu njoo. Hii miwani naona imeshachoka, silioni tundu."

Macho alikuja. Akachukua sindano, akafumba jicho, akatunga. Mkono ulikuwa uleule. Lakini hakuondoka. Alisimama pembeni akimtazama bibi yake anashona, na Fundi, mzoefu wa miaka thelathini na minane wa kudanganya wateja kuhusu siku ya kumaliza nguo, alijisahau. Uzi mweupe ulikuwa umedondoka juu ya kitambaa cheupe, kipande kidogo mno, akakiokota kwa ncha za kucha na kukitupa.

"Bibi," Macho alisema, "wewe unaona."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja saa. Kisha akaenda zake uani, na usiku ule kitanda kililowa mara mbili. Fundi aligundua jambo ambalo lilimvunja nguvu kabisa: mtoto alikuwa amejua kwamba kazi imekwisha, na sasa amejua pia kwamba wakubwa wanadanganya.

Jumapili ikafika, hazuiliki huyo mgeni. Mama mkubwa alikuwa njiani toka alfajiri na alitegemewa alasiri. Fundi alikunja nguo za mtoto akazitia kwenye ule mfuko mmoja. Akazitoa. Akazitia tena. Ilipokaribia saa kumi, saa ya simu, aliona miguu midogo inaingia chini ya meza ya kukatia, na kitu kikamkatikia moyoni. Akafunga mlango wa wateja. Akashika ukingo wa meza, akapiga goti moja, likalia, akapiga la pili, likalia zaidi, akainama na kuingia chini ya meza kwa kutambaa. Mwanamke wa miaka sitini na saba. Kulikuwa na vumbi la chaki, vipande vya buluu na vya kahawia, na harufu ya mafuta ya cherehani. Macho alijisogeza kumpisha, maana adabu alikuwa nayo.

Fundi hakuwa na utani wowote, na bila utani alijiona yuko uchi.

"Mama akipiga leo, utaongea naye?"

Macho alitikisa kichwa.

"Kwa nini?"

"Ataniuliza kama bado natunga."

Fundi alisema kwamba si amweleze tu kuwa bibi amepata miwani, mama atafurahi. Macho alimtazama kwa subira, kama anavyotazamwa mtu mzito wa kuelewa.

"Mama aliniambia nitunge sindano za bibi mpaka atakaporudi."

Basi. Kumbe ndiyo yale maneno ya mlangoni ambayo cherehani iliyafunika. Mama mtu aliyasema kama mama yeyote anavyosema akiwa na haraka na uchungu, ampe mtoto cha kushika. Mtoto akayashika kweli. Baba aliondoka na hakuna aliyempa kazi yoyote ya kumrudisha. Chumba kiliondoka vilevile. Lakini mama aliacha kazi, na kazi yenyewe anaiweza. Sindano kumi leo, kumi kesho, na mama anasogea. Kila naweza iliyotoka katika kinywa kile ilitoka hapo. Halafu bibi, mbele za watu, akacheka na kumwambia umeachishwa kazi, chukua chako uende.

Lililomkabili Fundi sasa lilikuwa gumu kwake kuliko kupiga magoti. Mwanamke huyu hakuwahi kumwomba mtu radhi. Akikosea kukata kitambaa humwambia mteja ndiyo fasheni. Mume wake alikufa akisubiri samahani ya mwaka ule wa kwanza wa ndoa. Na kumwomba radhi mtoto, mtoto mwenye pengo, si jambo alilowahi kuliona likifanyika katika nyumba yoyote aliyokulia. Alitafuta njia ya kuzunguka, hakuiona.

"Macho. Ule mzaha wangu wa kukuachisha kazi, nilikosea. Nisamehe."

Mtoto hakujua afanye nini na neno hilo. Aliokota kipande cha kitambaa akakikunja mara mbili.

Fundi akaendelea, kwa sauti ya mtu anayetembea gizani. Alimwambia kwamba mama yake hakuondoka kwa sababu ya kosa lolote, na harudi kwa sababu ya sindano. Anaumwa kifua. Kumponya ni kazi ya dawa na madaktari, wamesomea, wana makoti yao. Mama alimpa sindano ili asikae bure akisononeka, na amezitunga vizuri kuliko fundi yeyote wa mtaa huu, lakini sindano haimponyi mtu.

"Nisipotunga atarudi?"

"Akipona atarudi. Utunge, usitunge."

"Na asipopona?"

Swali hilo lilikuwa na jibu lake la siku zote, atapona, usiseme hivyo, kanawe ukale. Lilimfikia Fundi mpaka kwenye ulimi. Akalimeza.

"Daktari anasema anaendelea vizuri. Zaidi ya hapo sijui. Asipopona tutalia, mimi na wewe. Lakini halitakuwa kosa lako. Hata ungetunga sindano elfu."

Mdomo wa Macho ulianza kucheza, kwanza upande mmoja. Kisha kilio kikatoka, kilio cha miezi minne, hakikuwa na adabu wala mpangilio. Alilia mpaka akakohoa. Akampiga bibi yake ngumi ya goti, akamshikilia goti lilelile. Fundi alinyoosha mkono kumziba mdomo, kwa mazoea ya maisha yote, mkono ukasimama hewani. Akauweka kwenye kisogo cha mtoto.

"Lia," alisema. "Nani alikukataza? Lia tu."

Simu ikalia juu ya meza. Fundi hakuweza kuinuka, magoti yalikuwa yamegoma. Mtu aliichukua, ikashuka pembeni ya meza mkononi, mkono wenye saa, na nyuma ya mkono kulikuwa na viatu vya mwanamke, vyeusi, vya kazini, vyenye vumbi la safari. Mama mkubwa alikuwa ameingia kwa mlango wa uani. Hakuna aliyejua amesimama pale toka saa ngapi.

Macho aliipokea simu na kamasi zake. Alisema, mama, bibi ana miwani, anaona kila kitu, hata uzi mdogo. Akanyamaza kusikiliza. Alisema amelia, analia sasa hivi. Akasikiliza tena. Upande wa pili kulikuwa na kikohozi, kisha kitu kama kicheko, kisha swali.

"Kutunga naweza," Macho akajibu. "Ila leo sitaki."

Akatoka chini ya meza na simu sikioni, akaenda nayo uani, anaeleza habari za jino. Msidhani kitanda kilikauka kesho yake. Kilichukua wiki tatu, na penseli ya shule ilichukua zaidi. Lakini sauti iliyokuwa ikisikika kule uani ilikuwa imepata wepesi, kama ya mtu aliyetua mzigo na anauzunguka kuutazama.

Chumbani walibaki wawili, mmoja chini na mmoja juu. Fundi alisubiri hukumu. Alijua mambo yalivyoonekana: mtoto amevimba macho kwa kulia, bibi anatambaa kwenye takataka, mfuko wa nguo uko tayari mlangoni. Akaanza kujieleza, kwamba kosa ni lake, alimtania vibaya mbele za watu. Mama mkubwa akamkatiza, akasema amesikia. Akasema Macho abaki.

Lakini hakuondoka pale aliposimama. Fundi aliona viatu vikigeuka kidogo, vikirudi. Binti huyu alikuwa na miaka tisa baba yake alipokufa. Fundi alikuwa amemsimamisha kwenye kona ya chumba hikihiki, kabla wageni hawajaingia, akamwambia wewe ndiye mkubwa, ukilia na mdogo wako atalia, na nyumba yote itatushinda. Hakulia. Watu walisifu. Hakulia msibani, hakulia arobaini, na toka siku ile hakuna aliyemwona akilia, na hakuna aliyeuliza.

"Mimi nilikuwa na miaka tisa, mama." Sauti ilikuwa ya kawaida, ya mapokezi. "Mbona mimi hukuniambia nilie?"

Fundi alifungua mdomo kusema kwamba zama zile zilikuwa nyingine, kwamba alikuwa peke yake, kwamba nguo za watu zilikuwa zinangoja. Yote hayo yalikuwa kweli. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena, na viatu vilikuwa bado pale.

"Nilikosea," alisema. "Njoo."

Akavuta rundo la vitambaa kando, akasogea mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mama mkubwa aliweka pochi yake juu ya cherehani. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu na sketi ya kubana, na haikuwa kazi rahisi, lakini alipiga magoti, akainamisha kichwa, akaingia chini ya meza.